D. L. Moody: Kanisa Lililoanzia kwa Watoto



Mahubiri ya Jumapili iliyopita yalitoka Kutoka 18, pale Yethro alipomkuta Musa ameketi peke yake akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamshauri atafute watu wa kumsaidia kabla hajachoka na kuwachosha wengine. Nimepewa ukurasa huu wa maisha ya watumishi wa zamani, na nimemchagua mtu mmoja anayeingia vizuri kwenye somo hilo. Wengi wetu tukisikia jina la D. L. Moody tunafikiria mikutano mikubwa ya injili, umati wa maelfu, Uingereza na Marekani. Hiyo ni kweli, lakini ilikuja baadaye. Mimi kinachonivuta ni ile miaka ya kwanza, wakati alikuwa kijana muuza viatu anayezunguka mtaani kukusanya watoto wa watu, tena hajui hata kufundisha.

Dwight Lyman Moody alizaliwa tarehe 5 Februari 1837 katika kijiji cha Northfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa mwashi. Alifariki ghafla Dwight akiwa na miaka 4, akamwacha Mama Betsy na watoto saba na mimba ya mapacha. Mwezi mmoja baadaye mapacha wakazaliwa, wakawa tisa. Wenye kudai walikuja wakabeba walichoweza kubeba, hata kuni za kuwasha moto nyumbani. Kwa hiyo shule aliipata kidogo sana. Mpaka anakufa, barua zake zilijaa makosa ya tahajia.

Akiwa na miaka 17 alikwenda Boston kutafuta kazi. Mjomba wake alikuwa na duka la viatu, akampokea kwa sharti kwamba kila Jumapili aende kanisani na Shule ya Jumapili. Sharti la mjomba tu, si wito! Huko akaingia darasa la mwalimu aliyeitwa Edward Kimball. Siku ya kwanza waliambiwa wafungue Injili ya Yohana, na kijana akaanza kuitafuta kule Agano la Kale. Vijana wengine wakaanza kutupiana macho. Kimball hakusema neno. Alimpa Biblia yake ikiwa imeshafunguliwa mahali pake, akachukua ile ya Moody. Jambo dogo, lakini mimi nadhani bila hilo jambo dogo hatungekuwa na habari yoyote ya kuandika hapa. Kijana wa shamba akichekwa siku ya kwanza, Jumapili inayofuata hamwoni.

Tarehe 21 Aprili 1855 Kimball aliamua kwenda kumwona dukani azungumze naye habari za wokovu. Alisitasita sana. Alikuwa na wasiwasi kwamba wafanyakazi wenzake watamcheka kijana, na kwa wasiwasi huo akapita mlango wa duka bila kujua amepita. Akarudi, akamkuta nyuma ya duka akifunga viatu kwa karatasi, akamwekea mkono begani. Hapo hapo, katikati ya maboksi, Moody akaokoka. Mazungumzo hayakuwa ya ufasaha wowote, Kimball mwenyewe alisema hivyo baadaye.

Sasa sikiliza hii. Mwezi uliofuata Moody aliomba kupokewa kuwa mshirika wa kanisa, wazee wakamuuliza maswali, akashindwa kujibu. Wakamweka kando afundishwe kwanza. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajakubaliwa. Wazee hawakukosea, maana kweli kijana hakujua kitu. Lakini nashukuru Mungu kwamba hakukasirika akaondoka.

Mwezi wa Septemba 1856 alihamia Chicago, mji uliokuwa unakua kwa kasi, wa matope na biashara. Aliuza viatu kwa bidii kuliko wenzake na lengo lake lilikuwa wazi: awe na dola 100,000, pesa nyingi mno enzi hizo. Nilisoma biashara chuoni kabla sijaingia katika huduma, na ninamwelewa kabisa kijana wa aina hii. Anaamka na hesabu, analala na hesabu.

Na hesabu hiyo hiyo akaiingiza kanisani. Siku hizo viti vya kanisa vilikodishwa, kila familia inalipia benchi lake. Moody alikodisha mabenchi manne, akaanza kuyajaza vijana aliowatoa barabarani na kwenye nyumba za kupanga. Aliposimama kwenye mkutano wa maombi kusema kitu, watu waliona aibu kwa Kiswahili chake, yaani kwa Kiingereza chake cha shambani, na akashauriwa kwamba angemtumikia Mungu vizuri zaidi akinyamaza. Basi akaenda kwenye Shule ya Jumapili moja ndogo upande wa kaskazini wa mji, akaomba kufundisha. Wakamwambia walimu wako 12 na watoto ni 16, kwa hiyo nafasi hakuna, lakini akileta darasa lake mwenyewe sawa. Jumapili iliyofuata akatokea na watoto 18, wamechakaa, wengine hawana viatu, wachafu, wamemfuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mahindi. Akawakabidhi kwa walimu, akatoka kutafuta wengine.

Hapo ndipo alipojifahamu. Kufundisha hakujui, lakini kuleta anajua. Ndugu zangu, kuna watu wangapi kanisani mwetu wanasema hawana karama kwa sababu hawawezi kushika kipaza sauti?

Karibu mwaka wa 1858 alianzisha shule yake mwenyewe, kwenye mtaa uliojulikana kwa ulevi, kamari na uhuni mpaka watu wakauita Jehanamu Ndogo. Alipata chumba kilichokuwa baa, kimeachwa. Mifukoni alijaza switi. Baadaye akanunua farasi mdogo, watoto wakapanda kwa zamu. Wale tunaowaita chokoraa ndio aliowataka, wale ambao Shule za Jumapili nyingine hazikuwataka. Kikundi kimoja cha wavulana 14, waliojulikana kwa majina ya mtaani tu, aliwaahidi suti mpya siku ya Krismasi kila atakayekuja bila kukosa Jumapili hata moja. Wote walizipata isipokuwa mmoja. Akawapiga picha mbili, moja wakiwa na matambara, nyingine wakiwa na suti, akazionyesha kwa wafanyabiashara ili waone pesa zao zinafanya nini. Ripoti kwa wafadhili hiyo, wapendwa, kabla ya mambo ya kompyuta.

Chumba kikajaa, wakahamia ukumbi wa juu ya soko, North Market Hall. Shida ni kwamba Jumamosi usiku ukumbi ulikodishwa kwa dansi na pombe. Kwa hiyo Jumapili saa kumi na mbili asubuhi Moody alikuwa pale, anavingirisha mapipa ya bia nje, anafagia, anapangusa. Katika muda wa mwaka mmoja hivi mahudhurio ya kawaida yalifika watoto 650.

Watoto 650! Mtu mmoja hawezi, hata akifunga na kuomba siku arobaini. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Moody hakujaribu kuwafundisha yeye. Alikwenda kuwatafuta watu. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kipresbiteri aliyeitwa Stillson, aliyekuwa akigawa trakti kwa mabaharia bandarini, wakaungana. Kulikuwa na John Farwell, mfanyabiashara mkubwa wa vitambaa. Farwell alikuja siku moja kutazama tu, akaombwa kusema maneno machache, na kabla hajaketi Moody akamtangaza kuwa msimamizi mkuu wa shule na watoto wakapiga kelele za kukubali. Jamaa hakupata hata nafasi ya kukataa. Alishika kazi hiyo zaidi ya miaka sita. Walimu wakafika 60, wote wa kujitolea, kutoka makanisa mbalimbali. Mmoja alikuwa binti mdogo aitwaye Emma Revell, mtulivu, mwenye mpangilio, tofauti kabisa na Moody. Walifunga ndoa tarehe 28 Agosti 1862, na kuanzia hapo barua na pesa na mambo ya nyumbani yakawa mikononi mwa mama huyo. Baadaye Emma alikuwa na darasa la wanaume watu wazima. Mgeni mmoja aliona haifai mwanamke kijana namna ile kufundisha wanaume, akamlalamikia Moody, bila kujua analalamikia mke wake.

Tena kulikuwa na utaratibu mmoja ninaoupenda. Mtoto aliruhusiwa kuhama darasa wakati wowote, mradi amjulishe msimamizi. Matokeo yake unayaona: mwalimu mwenye kujiandaa darasa lilijaa, na mwalimu aliyekuja kubahatisha alibaki na mabenchi. Hakuna aliyefukuzwa. Nimefikiria kama utaratibu huu ungefaa hapa kwetu, na sidhani. Sisi walimu ni wachache hivi kwamba mtoto akihama hana pa kuhamia.

Si kila kitu alichofanya ni cha kuigwa. Kulikuwa na mvulana mmoja mtundu aliyeharibu kila kipindi, na Moody alipoona upole umeshindwa alipanga na mwenzake shule nzima isimame iimbe kwa sauti ya juu, huku yeye amemchukua mvulana chumba cha pembeni akamchapa. Eti mvulana akabadilika. Watu wanaipenda sana hadithi hii. Mimi naisema ili niseme pia kwamba katika kanisa letu hakuna mtu mzima anayemchapa mtoto, hakuna mtu mzima anayejifungia chumbani na mtoto peke yake, na Sheria ya Watoto ya 2022 haina mzaha na jambo hilo.

Novemba 1860 Abraham Lincoln, aliyekuwa amechaguliwa rais siku chache tu zilizopita, alikuja kuiona shule ile ya watoto wa Jehanamu Ndogo. Ni heshima kubwa. Lakini mwaka huo huo lilitokea jambo lingine, halikuandikwa gazetini, na ndilo lililomgeuza Moody.

Mmoja wa walimu wake alikuwa kijana mwenye ugonjwa wa mapafu, mwenye darasa la wasichana wacheshi wasiosikia. Jumapili moja mwalimu hakuja, Moody akalishika darasa lile, na wasichana wakamcheka usoni. Alitamani awafungulie mlango waende na wasirudi. Katikati ya wiki mwalimu akaingia dukani, uso mweupe, akaketi juu ya maboksi. Alikuwa ametokwa damu mapafuni na daktari amemwambia hana siku nyingi. Alikuwa anarudi kwao kwa mama yake kufa. Moody akamwona ana huzuni, akadhani ni hofu ya mauti. Kumbe sivyo. Alihuzunika kwa sababu katika darasa lake lote hakuna msichana hata mmoja aliyeokoka, na aliona kama amewaharibu badala ya kuwasaidia.

Moody hakuwa amewahi kusikia mtu akisema hivyo. Yeye alikuwa anahesabu vichwa. Wakija wengi, Jumapili imekuwa nzuri. Wakipungua, Jumapili imekuwa mbaya. Sasa yuko mtu mbele yake anayekufa na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Akamshauri waende kuwaona wasichana hao, kila mmoja nyumbani kwake. Mwalimu hakuwa na nguvu ya kutembea, kwa hiyo Moody akakodi gari la farasi, wakaenda pamoja. Nyumba ya kwanza mwalimu alimwambia msichana kwa sauti ya kukatika kwamba amekuja kuzungumza habari ya roho yake, na msichana akalia, wakapiga magoti. Wakaenda nyumba ya pili. Nguvu zilipomwishia alirudishwa kitandani, kesho yake wakatoka tena. Baada ya siku kumi mwalimu akaja dukani, uso unang'aa, kusema kwamba wa mwisho ameokoka.

Alikuwa aondoke usiku wa kesho yake. Moody akawakusanya wasichana jioni hiyo kwa maombi. Hakuwapangia waombe, lakini mmoja alianza, kisha mwingine, mpaka wote wameomba kwa ajili ya mwalimu wao, wasichana ambao majuma machache nyuma walikuwa hawawezi kutulia dakika tano. Jioni ya safari Moody akaenda stesheni, akamkuta msichana mmoja yuko pale, akaja wa pili, akaja wa tatu, wote, bila mtu kuwaita. Wakamzunguka wakaimba. Garimoshi lilipoondoka, mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya behewa, anaonyesha juu kwa kidole, kwamba wakutane huko.

Jina la mwalimu huyo halikuhifadhiwa.

Moody hakuweza tena kufurahia biashara. Kabla ya mwaka kwisha aliacha kazi. Tayari alikuwa ameweka akiba ya maelfu ya dola na lengo la 100,000 lilikuwa njiani. Kwa muda akawa analala kwenye mabenchi ya chumba cha YMCA, anakula biskuti na jibini. Watu wa mjini wakamwita Moody kichaa.

Kama mtu wa biashara nataka niwe muwazi hapa, kwa sababu nimeona makanisa yakianguka pande zote mbili. Wako wanaosema hesabu ni ya kimwili, wasiandike hata majina ya watoto wanaokuja. Mtoto anapotea miezi mitatu na hakuna anayejua. Na wako wanaohesabu tu, wanatangaza idadi madhabahuni, na hakuna mtu aliyefika nyumbani kwa mtoto hata mmoja. Moody hakuacha daftari baada ya 1860. Aliendelea kuandika majina na kufuata waliokosa. Kilichobadilika ni kwamba jina likawa na nyumba, na nyumba ikawa na mlango wa kubishwa.

Watoto waliokoka, na kupitia watoto wazazi wakaanza kuja. Hapo likaja tatizo. Waende kanisa gani? Makanisa ya mjini yalikuwa ya watu wenye mabenchi yao ya kulipia, na hawa hawakuwa na nguo za kuingilia. Kwa hiyo mwaka wa 1864 jengo likajengwa mtaa wa Illinois, lenye nafasi ya watu 1,500, na mwishoni mwa mwaka huo kanisa likaundwa rasmi. Washirika wa kwanza waliojiandikisha walikuwa 12. Tafakari hilo kidogo. Sisi tumezoea kuanzisha kanisa, tukapata wazee, tukapata vyombo vya muziki, halafu mwaka wa tatu mtu anauliza, na watoto je? Kule watoto walitangulia kwa miaka sita hivi, na kanisa likazaliwa kutoka kwao. Moody mwenyewe hakuwahi kutawazwa kuwa mchungaji maisha yake yote. Waliita mchungaji mwingine, yeye akaendelea na kazi yake.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Mwaka wa 1870 alikutana na Ira Sankey, mtumishi wa idara ya kodi aliyekuwa na sauti nzuri, na bila kumbembeleza sana akamwambia kwamba ndiye aliyekuwa akimtafuta kwa miaka. Sankey alichukua miezi kadhaa kabla ya kuacha kazi ya serikali. Nyimbo alizozikusanya katika kitabu chake zimeenea dunia nzima, na nyingi tunazoziimba kutoka Tenzi za Rohoni zilipitia huko.

Lakini kuna jambo ambalo sisi Wapentekoste hatuwezi kulipita. Kwenye mikutano ya Moody walikuwa wanawake wawili, Bi. Sarah Cooke na Bi. Hawxhurst, waliokaa mbele na kuomba alipokuwa akihubiri. Walimwambia wazi kwamba wanamwombea apate nguvu za Roho Mtakatifu. Mwanzoni alikerwa kidogo, maana kanisa lake lilikuwa limejaa, walimu wapo, mipango inaenda. Awaombee wenye dhambi, si yeye! Baadaye akaanza kuomba pamoja nao kila Ijumaa. Kisha tarehe 8 Oktoba 1871 moto mkubwa ukateketeza Chicago. Kanisa likaungua, nyumba yake ikaungua, ukumbi wa YMCA alimohubiri usiku ule ukaungua. Alikwenda mashariki kutafuta msaada, na akiwa anatembea barabarani katika mji wa New York Roho wa Mungu akamshukia kwa namna ambayo alilazimika kuomba chumba kwa rafiki ajifungie. Hakupenda kulisimulia jambo hilo. Lakini alisema mahubiri yake yalikuwa yale yale na matunda yakawa mengine. Mfumo mzuri wa kazi aliokuwa nao haukumtosha, na ni wanawake wawili wa benchi la mbele walioliona hilo kabla yake.

Tarehe 24 Desemba mwaka huo huo, wiki 11 tu baada ya moto, jengo la muda la mbao lilikuwa limesimama kwenye majivu na watoto wakarudi, ingawa nyumba zenyewe zilikuwa bado hazijajengwa. Ilipofika wakati wa kujenga kanisa la kudumu, watoto wa Shule za Jumapili walinunua matofali, senti tano kwa tofali moja, maelfu ya watoto. Mapato ya kitabu cha nyimbo, ambayo Moody na Sankey walikataa kuyachukua kuwa yao, yakasaidia kulimaliza mwaka wa 1876.

Kuhusu Uingereza, kuanzia 1873 hadi 1875, niseme jambo moja tu. Alipoalikwa mjini, alitaka kwanza wachungaji wa madhehebu mbalimbali wakubaliane kushirikiana, na baada ya mahubiri kulikuwa na vyumba ambamo watenda kazi waliofunzwa walikaa na mtu mmoja mmoja. Lile gari la farasi la mwalimu mgonjwa, naliona mle.

Na niseme na doa lake. Mwaka wa 1876, kusini mwa Marekani, mjini Augusta, wazungu walilalamika kuketi pamoja na watu weusi, na Moody akakubali watenganishwe. Frederick Douglass na Ida B. Wells walimlaumu kwa mikutano ya namna hiyo, na walikuwa na haki. Mtu aliyekusanya watoto ambao hakuna kanisa lililowataka aliruhusu uzio ndani ya nyumba ya Bwana. Shule aliyoifungua Mount Hermon mwaka wa 1881 ilipokea vijana wa rangi na mataifa mengi, lakini hilo halifuti lile.

Wenye kufanya kazi naye wengine hawakupata sifa waliyostahili. Emma Dryer, mwalimu msomi aliyeacha cheo kizuri chuoni, ndiye aliyeanzisha mafunzo ya Biblia kwa wanawake wa Chicago waliotembelea nyumba na kufundisha watoto. Kutoka kazi hiyo kikatokea chuo cha Biblia kilichofunguliwa 1889. Kikaitwa kwa jina la Moody.

Alifariki nyumbani Northfield tarehe 22 Desemba 1899, mwezi mmoja baada ya kuugua katikati ya mkutano mjini Kansas City. Miaka mingi kabla ya hapo, baada ya ibada moja, kijana wa miaka 17 alimwendea akajitambulisha kuwa mtoto wa Edward Kimball, yule mwalimu wa Boston. Moody akamuuliza kama ameokoka. Hakuwa ameokoka. Wakakaa pamoja, na mwanafunzi akamwongoza kwa Kristo mtoto wa mwalimu wake.

Kwetu hapa, darasa la miaka 9 hadi 12 halina mwalimu tangu dada aliyelishika ahamishwe kikazi. Watoto ni 43 kwenye daftari, na kwa Jumapili tatu wamechanganywa na wadogo chini ya hema. Tunahitaji walimu wawili, mtu wa kuandika majina, na watu wanne au watano wasiojua kufundisha ila wanaweza kwenda nyumbani kwa mtoto aliyekosa. Baada ya ibada ya pili nitakuwa na daftari hilo pale mlango wa upande wa jikoni.